Transiva haichimbi: kwa wadogo zetu wanaoanza kupanda na skii Rogers Pass

Wadogo zetu, Januari imefika, theluji imejaa hapa Rogers Pass, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier, British Columbia, Kanada, nanyi mmeanza tena. Mabegi mapya, skii pana, ngozi za kubandika chini ya skii ili zisiteleze nyuma mnapopanda, ambazo gundi yake bado inanukia dukani, na makosa yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi. Hatuandiki ili kuwarudisha darasani. AST 1, kozi ya kwanza ya usalama dhidi ya maporomoko ya theluji, mmeisoma, pembe ya mteremko mnaijua kupima, bamba na tabaka dhaifu mnavijua kwa majina. Tunaandika yale ambayo kozi huyagusa mara moja na kupita, kisha yanakuja kudai malipo mlimani.

1. Kibali cha kupanda hapa majira ya baridi, kwa sababu wengi wenu mnakisoma kinyume. Barabara kuu namba 1, iliyofunguliwa hapo mwaka 1962, inapita chini ya njia nyingi za maporomoko ya theluji. Ili magari yapite salama, jeshi la Kanada hufyatua mizinga ya milimita 105 kuangusha theluji kabla haijaanguka kwa saa yake yenyewe. Ndiyo maana kuna maeneo ya masharti yanayofunguliwa na kufungwa siku kwa siku. Eneo la jana si la leo. Orodha isomwe kila asubuhi, kibali kionekane ndani ya gari na kingine kiwe mfukoni. Sasa lishikeni hili: eneo "likiwa wazi" maana yake ni kwamba mizinga haitalilenga siku hiyo. Halijapimwa kwa ajili yenu, wala hakuna aliyewahakikishia kwamba mteremko umetulia. Na mkikuta chuma kilichotokeza kwenye theluji au mawe, kinachofanana na ganda la kombora, msikiguse. Wekeni alama mahali hapo, ondokeni, toeni taarifa kwa wahifadhi.

2. Bonde si kimbilio. Milima hii ya Columbia ina tabia ya kuzika jalidi. Usiku mkavu wenye nyota huotesha juu ya theluji vijani vya barafu vinavyometameta, vizuri kweli kutazama. Dhoruba inayofuata huvifunika vikiwa vimesimama, na hapo mna bamba zito la theluji lililokaa juu ya vigingi vya kioo. Tabaka hilo linaweza kudumu wiki kadhaa. Likivunjika, mvunjiko husafiri, kwa hiyo mtu aliye chini kwenye tambarare anaweza kulivuta bamba lililo juu yake kabisa. Mkisikia ule mguno mzito chini ya miguu, theluji imeshawajibu. Geuzeni.

Tarehe 1 Februari 2003, kundi la watu 17, wengi wao wanafunzi, lilikuwa likipanda katika bonde la Connaught Creek. Hawakuwa kwenye mteremko mkali. Walikuwa kwenye sakafu ya bonde, njia ile ile mnayoitumia kwenda Balu Pass. Poromoko lilitoka juu yao, kwenye mlima Cheops. Wanafunzi 7 walikufa. Baada ya hapo Parks Canada, mamlaka ya hifadhi za taifa, walitunga kipimo cha kuainisha ardhi kwa ngazi tatu: rahisi, yenye changamoto, na tata. Kipimo hicho kiko kwenye ramani, na bado tunawasikia mkisema "leo hatari kwenye utabiri ni ngazi ya 3 kati ya 5, basi twende Balu, ni bonde tu." Swali la kwanza liwe: juu ya vichwa vyetu kuna nini? Bonde likiwa jembamba, lenye kijito au shimo, hata poromoko dogo linatosha, kwa sababu theluji inarundikana badala ya kutandazika.

3. Ukaguzi wa transiva, kile kifaa cha redio kinachotuma na kupokea mlio ili aliyefukiwa apatikane: kiongozi aweke ya kwake kwenye kupokea, wengine wapite mbele yake mmoja mmoja wakiwa wameachana mita 5 au zaidi, kisha kiongozi arudi kwenye kutuma na wa mwisho amkague yeye. Betri ni za alkalini, isipokuwa kitabu cha kifaa kikiruhusu lithiamu; za kuchaji msizitie. Simu na kamera zikae sentimita 20 mbali na transiva inayotuma, na 50 mnapotafuta.

4. Beleshi. Hapa tukae.

Kosa hili tumewaambukiza sisi tuliowatangulia, na hatuna pa kulikwepea. Miaka yote tumewakusanya kwenye maegesho, tukafukia transiva ndani ya mfuko, sentimita 20 chini ya theluji laini. Mkafuata mishale, mkaipata kwa dakika 2, tukawapigia makofi na kumimina chai. Hatukuwachimbisha. Tuliacha kwa sababu kuchimba kunachosha, kunalowesha nguo kabla ya safari, na kwa sababu transiva ina skrini na mlio, inapendeza kufundishia. Mkaondoka mkiamini kwamba kumpata mtu ndiko kumwokoa. Leo tunawaona mkibishana nusu saa kuhusu transiva ipi ina masafa marefu zaidi, wakati beleshi liko chini kabisa ya begi, mpini wake haujawahi kuunganishwa na mtu aliyevaa glavu. Imani hiyo tuliipanda sisi, na inaumiza kuitazama.

Hesabu iko hivi. Aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kutoka hai katika dakika 10 hivi za mwanzo. Baada ya hapo nafasi hiyo inashuka kwa kasi, maana anavuta hewa ile ile aliyokwisha kuitoa, na pengine kinywa kimeziba. Kundi lililozoea hutumia dakika 3 hadi 5 kumpata kwa transiva na ufito mrefu wa kuchoma theluji. Dakika zinazobaki zote ni za beleshi.

Chukueni mtu aliye mita 1 chini. Ili mumfikie mnahitaji mfereji wa upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.5, unaoanzia usawa wa theluji na kuishia kina cha mita 1. Huo ni mita za ujazo 2.5. Theluji ya poromoko ina uzito wa kilo 400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo mbele yenu kuna tani 1, yaani mifuko 20 ya simenti, na huenda wachimbaji ni wawili, wamevaa viatu vya skii, mapigo ya moyo yako juu, na aliye chini ni rafiki yao.

Tena si ile theluji ya unga mliyokuwa mkiifurahia dakika moja kabla. Poromoko likisimama, chembe zilizosagwa hugandana upesi na kuwa kitu kimoja. Mikono haifui dafu. Mkia wa skii haufui dafu. Beleshi la plastiki linapinda au kupasuka. Nunueni lenye uso wa alumini, mpini unaorefuka, na kishikio ambacho glavu nene inakishika bila kuteleza.

Makosa tunayoyaona kila tunapowaweka kwenye zoezi la kweli ni haya. Wa kwanza anachimba wima kuanzia kwenye ufito. Shimo linazidi kuwa jembamba, theluji anayoitupa inarudi, na uzito wake uko juu ya kifua cha aliyefukiwa, unambana nafasi ndogo ya hewa aliyobaki nayo. Wa pili na wa tatu wanamzunguka na wanagongana mabeleshi. Kila mmoja anainua theluji na kuirusha juu ya bega, na dakika ya tatu mgongo umekwisha. Hakuna anayepokezana na mwenzake, kwa sababu aliye mbele anaona ni kama kumtupa rafiki.

Fanyeni hivi. Transiva ikisoma chini ya mita 3, ishusheni hadi kwenye theluji, punguzeni mwendo, msiigeuze-geuze, tafuteni namba ndogo kabisa mkiisogeza kwa umbo la msalaba. Choma ufito ukiwa wima na uso wa mteremko, si wima na mbingu, kwa mzunguko unaotanuka, kila pigo sentimita 25 kutoka la awali. Ukigusa kitu laini kinachorudisha, uache ufito hapo hapo. Soma kina chake. Zidisha kwa 1.5, shuka umbali huo chini ya ufito, na hapo ndipo beleshi la kwanza linapoingia: kina mita 1, anzeni mita 1.5 chini. Chimbeni kuelekea ndani, kwa ulalo, mkimfuata kutoka ubavuni.

Wa mbele apige magoti, akate theluji vipande kama matofali kwa ncha ya beleshi, avisukume nyuma. Wa pili na wa tatu wakae nyuma yake kushoto na kulia, umbo la V, wasiinue kitu; wapige kafi tu, kama mtu aliye kwenye mtumbwi, theluji itiririke kwenye mfereji katikati. Kila dakika 4 hivi, au mapema zaidi wa mbele akilegea, wote wasogee nafasi moja kufuata mshale wa saa. Mkiwa wawili, mmoja akate na mwingine aondoe, mbadilishane kila dakika. Mkikaribia mwili, anayekata apunguze nguvu. Kichwa kwanza, kisha kifua kiachiwe, kisha mengine. Tazameni kama mdomo na pua vilikuwa vimezibwa, na hilo mlikumbuke kwa ajili ya madaktari. Hapumui? Hewa ndiyo iliyomkosa, kwa hiyo kukandamiza kifua peke yake hakutoshi, mpulizieni pumzi.

Zoezi lake halihitaji mlima. Greda inaposukuma theluji kando ya maegesho, ule ukuta unaobaki ni mgumu kama poromoko. Chagueni ukuta ulio mbali na mashine na magari, zikeni begi lililojaa, mita 1 ndani, na mpime muda kuanzia ufito ulipogusa hadi begi zima lionekane. Msishangae mara ya kwanza dakika 12 zikipita. Rudieni hadi mjue nani anasimama wapi bila kuambiwa. Tumeapa kwamba msimu huu hakuna atakayeshuka nasi kabla ya kuchimba ukuta huo, na anayenung'unika tutamchimbisha mara mbili, kisha tutampa chapati ya kwanza.

5. Shimo la mti. Theluji ikiwa nzito hivi, matawi yaliyoinama ya misonobari huzuia theluji isijae kuzunguka shina, na linabaki shimo lenye theluji huru isiyoonekana kutoka juu. Mtu huingia kichwa chini, miguu juu, skii zimenasa kwenye matawi, na kadiri anavyopapatika ndivyo theluji inavyomwagika usoni. Hakuna poromoko, hakuna kelele. Mwenzake aliye mita 200 chini anamsubiri akidhani anafunga kiatu. Msituni shukeni wawili wawili, mmoja akienda vipande vifupi na mwingine akimtazama, halafu mpokezane. Ukianza kutumbukia, kumbatia shina au tawi. Ukishazama, tulia, weka mkono mbele ya uso ujipatie nafasi ya kupumulia. Kamba za fimbo zisiwe kwenye viganja mnapokuwa kati ya miti.

6. Ngozi zikikataa kushika, mara nyingi ni theluji iliyoingia kwenye gundi: kwangueni, zikae ndani ya koti dakika kadhaa, na mikanda miwili ya mpira iwe begini kuzifunga zikikataa kabisa. Barafu ichokonolewe chini ya vifungio vya mbele kabla ya kubana, la sivyo pini zinakaa nusu na kiatu kinachomoka kwenye kona ya kwanza. Mkigeuka kushuka, kila mtu amwulize mwenzake kama kifungio cha mbele kimetolewa kwenye kufuli la kupandia. Kikibaki kimefungwa, skii haiachii mguu, na poromoko likikukamata skii hiyo ni nanga. Upenu wa theluji kwenye ukingo wa mlima huvunjikia nyuma zaidi ya mnavyodhani.

7. Kuhusu nyinyi wenyewe. Watatu au wanne wanatosha. Saba ni msafara: hamsikilizani, mnasimama pamoja chini ya mteremko kupiga picha, na aliye nyuma ambaye ameona ufa kwenye theluji anaona aibu kuita. Tunawajua, mmelelewa kuwaheshimu wakubwa, na hilo ni jema nyumbani. Mlimani mdogo kuliko wote akisema "mimi sijaridhika," kundi linageuka, na mkubwa asimdai sababu. Mteremko wa zaidi ya digrii 30 uvukwe mmoja mmoja, wengine wakiwa mahali ambapo poromoko halifiki, macho yakiwa kwake. Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kutoka garini. Mtandao wa simu si wa kutegemea mabondeni, kwa hiyo mawasiliano ya setilaiti yawemo, na aliyebaki mjini awe na jina la bonde mnaloingia.

Jioni, kabla ya usingizi, andikeni mlichokiona kwenye mtandao wa Avalanche Canada, shirika linalotoa utabiri wa maporomoko ya theluji: mguno ulikuwa wapi, mteremko ulitazama upande gani, urefu kutoka usawa wa bahari. Mistari mitatu inamfaa atakayetoka kesho. Kisha ngozi zianikwe mbali na jiko, transiva izimwe, na lile beleshi likaushwe lirudi begini usiku huo huo, sehemu ya juu, lisibaki kwenye buti la gari.