Farasi aliyedungwa sindano ya kufa: mzoga uende wapi?

SWALI: Farasi wangu kavunjika mguu na daktari wa mifugo anashauri adungwe sindano afe bila mateso. Je, naweza kuuburuta mzoga porini tumbusi wakaumaliza?

JIBU: Usithubutu. Sindano hiyo mara nyingi ni ya pentobabitali, dawa kali ya usingizi, na farasi wa kilo 450 hudungwa takriban mililita 100. Mnyama hufa, dawa haifi. Hubaki kwenye damu, nyama na hasa ini, na tumbusi naye huanzia huko huko matumboni. Utamkuta hatua chache kutoka mzogani, mabawa yamelegea, shingo chini kama mlevi. Asiyeuawa na dawa huuawa na baridi, au huliwa akiwa usingizini. Mbwa wako pia yumo hatarini.

Wengine hudhani mzoga ukioza dawa nayo imekwisha. Sivyo: imewahi kukutwa kwenye mboji baada ya zaidi ya mwaka. Hata joto la viwanda vinavyopika mizoga kupata mafuta na unga wa nyama haliivunji, kwa hiyo usiuze mzoga huo wala kumpa mtu nyama yake.

Tanuru maalumu la kuteketezea mizoga ndilo bora. Moto wa kuni hubabua ngozi tu, ndani kukabaki kubichi. Ukizika, shimo liwe tayari kabla ya sindano: urefu mita 3, upana 2, kina kama 2.5, ili juu ya mzoga ubaki udongo wa mita 1 au zaidi. Maji yakichuruzika shimoni, hama hapo. Kosa tunaloliona sana ni kufukia juujuu. Mzoga huvimba, udongo hupasuka, na mbwa hufuata harufu. Ukichelewa kuzika, funika kwa turubai na uweke mlinzi.

Umbali kutoka visimani na mitoni hupangwa na sheria za eneo lako. Ulizia ofisi ya mifugo. Marekani, tangu 2003, kibandiko cha dawa hii lazima kionye kwamba huua ndege na wanyama wanaokula mzoga, na tai wakifa, mwenye mnyama au daktari anaweza kutozwa faini.

Kama huna pa kuzika wala tanuru, mwambie daktari mapema. Risasi ikipigwa na mjuzi haiachi pentobabitali mwilini, ingawa dawa ya kutuliza iliyotangulia inaweza kubaki.

SWALI: Na paka je?

JIBU: Mililita 1 hivi humtosha, lakini sumu ni ile ile. Jalalani asitupwe.