Mboji ya kikundi inanuka na kujaa funza: kasoro iko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha watu 14 hapa Ujiji, Kigoma. Tunakusanya mabaki ya sokoni mara tatu kwa wiki, kila safari ndoo kama 25 za lita 20: majani ya kabichi, nyanya zilizooza, maganda ya ndizi, pamoja na matumbo ya samaki kutoka mwaloni. Wanaokamua mawese nao hutupatia mikungu mitupu na makapi. Vyote tunamwaga shimoni na kufunika kwa udongo. Sasa shimo linatoa maji meusi, linanuka, funza wamejaa, na majirani wameshalalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Mboji tuliyotoa baada ya miezi miwili iliunguza miche ya maharage. Kuna aliyetushauri tununue dawa ya kuozesha. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu zangu, pesa ya dawa wekeni kwanza. Vijidudu vya kuozesha vimo tele kwenye hizo nyanya na kwenye samadi yoyote; vinachokosa shimoni mwenu ni hewa. Mabaki ya sokoni kwa sehemu kubwa ni maji, zaidi ya asilimia 80. Yakimwagwa peke yake hushikana, maji yakajaza kila upenyo, na udongo mnaofunikia ukaziba palipobaki. Hapo kazi inachukuliwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Hivyo ndivyo vinavyotoa harufu ya yai viza, tindikali na maji meusi, na havipandishi joto la kutosha kuua funza. Kwa hiyo harufu, funza na maharage yaliyoungua ni tatizo moja lenye sura tatu: mabichi mnayo mengi, makavu hamna.

Shimo lenyewe nalo halifai kwa mali mbichi namna hii. Linafaa sehemu kame, pale mtu anapopigania unyevu. Kigoma, mvua ikianza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, shimo linageuka kisima. Pandisheni mboji juu ya ardhi, muwe na lundo.

Shimo lililopo lisikae wiki nyingine. Tafuteni kwanza makavu ya kutosha: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maganda ya maharage, nyasi kavu, pumba za mpunga, maranda ya mafundi seremala (yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa). Waambieni majirani mapema kwamba siku hiyo harufu itazidi, kisha fukueni asubuhi na mapema. Kila ndoo inayotoka shimoni ichanganywe na ndoo tatu za makavu, mjenge lundo papo hapo na kulifunika kwa makavu unene wa sentimita 15. Maji meusi yachotwe na kunyunyizwa kwenye rundo la makavu yanayosubiri. Yasimwagwe mchichani wala mtaroni. Mkiwa karibu na ziwa au mto, kumbukeni kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hii ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Kisima cha maji ya kunywa nacho kiwe mbali na eneo lenu, upande wa juu wa mteremko.

Sasa vipimo vya kila wiki. Vijidudu vinahitaji kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Mabaki ya mboga yana naitrojeni ya kutosha, mabua yana kaboni nyingi, na kwa ndoo uwiano huo hupatikana mkiweka ndoo mbili za makavu yaliyokatwa kwa kila ndoo moja ya mabichi. Wakati wa mvua, au siku nyanya zikiwa nyingi, wekeni tatu. Ninyi mnaleta ndoo 75 za mabichi kwa wiki, hivyo mnahitaji ndoo 150 za makavu, yaani viroba kama 22 vya kilo 100 vilivyojazwa bila kushindiliwa. Jumla ni ndoo 225, ambazo ni mita za ujazo 4.5. Hizo zinatengeneza lundo moja lenye upana wa mita 2 chini na mita 1 juu, kimo cha mita 1.2 na urefu wa mita 2.5. Lundo lisipofikia walau mita moja kila upande, joto hutoroka. Likizidi kimo cha mita moja na nusu, uzito unakandamiza tabaka za chini na hewa haipiti.

Anzeni na kitanda cha mabua mazima au vijiti, sentimita 20 hadi 30, ili hewa iingie kwa chini. Juu yake makavu, mabichi, samadi kidogo au mboji iliyokomaa (ndoo moja kwa kila ndoo 20 inatosha), kisha makavu tena, mkichanganya kwa uma mnapoendelea. Maji msiongeze kabla ya kupima. Chukua konzi kutoka ndani ya lundo, uiminye kwa nguvu zote: inatakiwa kulowesha vidole na kudondosha tone moja au mawili tu. Yakichuruzika, ongezeni makavu. Ukifungua kiganja na konzi ikasambaratika bila kulowesha, hapo ndipo maji yaongezwe.

Matumbo ya samaki ni mali. Yana naitrojeni na fosforasi kwa wingi, ila ndiyo yanayoita nzi, mbwa na kunguru. Yasizidi ndoo moja kwa kila ndoo kumi za mabichi. Yachanganyeni na maranda tangu mwaloni, ndoo kwa ndoo, kisha yafukieni katikati ya lundo, walau sentimita 30 kutoka kila ukingo. Siku ya kuweka samaki msiweke majivu. Majivu hupunguza tindikali, na naitrojeni ya samaki hupaa ikiwa amonia, ile harufu inayochoma pua kama mkojo uliolala. Mkiisikia harufu hiyo, mjue mbolea inaondoka kwa hewani; ongezeni makavu siku hiyohiyo.

Mikungu mitupu ya michikichi wengi huichoma moto, na hiyo ni hasara. Ina potasiamu nyingi, ambayo migomba na viazi vinaihitaji sana. Ikateni kwa panga au shoka vipande vya urefu wa kiganja, muiache ikauke, ndipo muitumie kama makavu. Inachelewa kuoza, kwa hiyo vipande vitakavyobaki kwenye chekeche virudisheni lundo linalofuata. Vimeshabeba vijidudu na ni chachu nzuri. Makapi yenye mafuta ni habari nyingine. Mafuta hufukuza maji na kuziba hewa, kwa hiyo wekeni kidogo kidogo, yakiwa yametawanywa. Maji machafu yanayobaki baada ya kukamua msiyapokee kabisa.

Joto ndilo litakalowaambia kama mmepatia. Chomeka nondo hadi katikati ya lundo, iache dakika kumi, uichomoe na kushika ncha. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne inatakiwa kuwa moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa sekunde tano. Hapo mko kwenye nyuzi 55 na kuendelea. Joto hilo, likishikilia siku kadhaa, huua mayai ya nzi, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa ya nyanya. Lakini lipo katikati tu, pembeni ni baridi. Ndiyo maana lundo hugeuzwa, na ya pembeni ndiyo yaingizwe ndani. Geuzeni kila baada ya siku nne au tano kwa wiki tatu za mwanzo, kwa sababu nzi hukamilisha safari yake kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja hivi kwenye joto; mkichelewa siku kumi, wanaruka kabla hamjawafikia. Baada ya hapo mara moja kwa wiki. Mkikuta ndani kuna unga wa kijivu mithili ya majivu, lundo limekauka: nyunyizieni maji wakati wa kugeuza. Nondo ikitoka vuguvugu tu siku ya tano, pimeni unyevu kwa konzi kabla ya kulaumu kitu kingine. Wakati wa mvua kubwa funikeni juu kwa turubai au makuti, pembeni paachwe wazi.

Vikundi vingi hukwama hapa: mabichi yanakuja yenyewe kila siku ya soko, makavu hayaji. Kuanzia Juni hadi Septemba watu wanachoma mabua na nyasi mashambani. Huo ndio msimu wenu wa kukusanya. Kwa wiki 12 za mvua mnahitaji kama mita za ujazo 36 za makavu, na yakae chini ya paa, maana mabua yaliyonyeshewa hayana tena kazi ya kunyonya maji. Kama ghala halipo, punguzeni ndoo mnazopokea sokoni zilingane na makavu mliyonayo. Kukataa ndoo kumi ni afadhali kuliko kuzipokea na kufungiwa eneo. Plastiki, chupa, betri na pampasi vitengwe mezani kwa muuzaji, kwa kumwachia ndoo yake maalumu. Kuvitafuta ndani ya lundo ni kazi isiyoisha, na ni hatari kwa mikono. Glavu na buti ni lazima.

Kuhusu maharage: mboji yenu ilikuwa bado changa, imejaa tindikali na amonia. Joto likishashuka na lisipopanda tena hata mkigeuza, liacheni lundo likomae wiki nne hadi sita. Kwa jumla hesabuni miezi mitatu hadi minne. Kabla ya kutumia, lowesheni konzi kadhaa, mfunge kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa siku tatu. Mkifungua ikanukia udongo wa msituni, iko tayari. Ikitoa uchachu au amonia, bado. Halafu pandeni mbegu 20 za maharage kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na 20 kwenye udongo mtupu. Uotaji ukipishana sana, subirini.

Msitarajie mlima. Lundo la ndoo 225 litawapa kati ya kilo 250 na 400 za mboji, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ni maji na kaboni inayotoka kama hewa. Kwenye bustani ya mboga wekeni ndoo moja kwa mita tatu au nne za mraba, mchanganye na udongo wa juu. Kwa mahindi yenye nafasi ya sentimita 75 kwa 30, konzi mbili kwa shimo, gramu 200 hivi, zinadai tani tatu na nusu kwa ekari moja, karibu malundo 12. Na hata hapo, sehemu ndogo tu ya naitrojeni yake hupatikana msimu wa kwanza, kwa hiyo mahindi bado yatahitaji mbolea ya kukuzia. Ningewashauri mwaka huu muiweke yote kwenye vitalu na bustani za mboga, na ekari ya mahindi isubiri hadi ghala la makavu lijae.