Weka hiyo Flagyl chini, mpigie daktari wa mama leo

Salamu baadaye, mdogo wangu. Umeeleza kwamba mama katolewa melanoma, ile saratani ya ngozi, kisiginoni, akapandikizwa ngozi, mtoki mmoja wa kinenani ukakutwa na chembe za saratani, na sasa yuko kwenye dripu za Keytruda kuzuia isirudi. Unauliza dripu na vidonge kipi bora, na wapi bei ina unafuu. Halafu katikati umechomekea kwamba wiki hii anaharisha, mnampa Flagyl, na hamjamwambia daktari wasije wakaahirisha dripu inayofuata.

Aisee. Huo mstari wa katikati ndio swali lako. Hayo mengine mapambo.

Mimi nilikuwa hapo hapo alipo mama. Yangu ilikuwa kwenye unyayo, ila ni ugonjwa ule ule, ambao sisi weusi hutupata zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hata jua halifiki. Nikakatwa, nikauza kiwanja cha Kibaha, nikaanza dripu. Shemeji yangu mmoja, bingwa wa kila fani isipokuwa ya kulipa madeni, akanihakikishia: "Hiyo siyo kemo, haina madhara, hata nywele hazitoki." Nywele kweli hazikutoka. Utumbo ndio nusura utoke.

Tumbo lilipoanza nikaenda duka la dawa la mtaani. Kijana wa pale hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Amiba hiyo, mzee." Nikapewa Flagyl, sipro, na Imodium ya kufungia. Hiyo Imodium ndiyo iliyonimaliza. Safari za chooni zikapungua, nikajiona nimepona, nikapanda basi kwenda harusini Morogoro. Kati ya Mbezi na Msamvu nilichimba dawa mpaka konda akaniuliza, "Mzee, una shamba huku?" Basi zima likacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Tuliporudi Dar, choo kikawa na damu.

Hospitali niliyokimbizwa siitaji. Walinipima Widal wakasema taifodi. Nchi hii ukipiga chafya una taifodi! Nesi akauliza natumia dawa gani, nikamjibu "za kinga", akaandika ARV. Basi nikawa natundikiwa dawa za taifodi huku utumbo wangu unachomwa na kinga yangu mwenyewe. Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye alimpigia daktari wa saratani baada ya mimi kumkataza. Nilimkataza kwa sababu ile ile yenu: wataahirisha dripu.

Sikiliza inavyofanya kazi. Saratani hujificha kwa kuwashikia breki askari wa mwili, na Keytruda huzitoa hizo breki. Askari wanabaki kama sungusungu walioachiwa mtaa mzima: mwizi wanamkamata, na jirani aliyechelewa kurudi nyumbani naye anapigwa. Kwa wengine jirani huyo ni utumbo. Flagyl haiwatulizi sungusungu. Imodium inafunga dirisha tu usisikie kelele, na utumbo uliovimba hivyo unaweza kutoboka.

Daktari wa saratani swali lake la kwanza lilikuwa naenda choo mara ngapi kwa siku kuzidi kawaida yangu. Hiyo ndiyo hesabu yao. Ikizidi kwa chini ya mara nne, wanakufuatilia kwa karibu. Nne hadi sita, dripu inasimama na steroidi, dawa za kuituliza kinga, zinaanza. Saba kwenda juu, kulazwa. Kukiwa na damu, homa au tumbo kuuma sana, achana na kuhesabu, nenda. Ukiwahi, mara nyingi steroidi ya vidonge, prednisolone, inatosha, kisha wanaipunguza taratibu kwa wiki nne hadi sita au zaidi. Mimi nilichelewa, steroidi zikashindwa, ikabidi infliximab, dawa nyingine ya kuituliza kinga. Na kabla ya kuwekewa hiyo nilipimwa kwanza TB na homa ya ini B, maana inaweza kuamsha vilivyolala. Sukari ikapanda kwa zile steroidi. Na dripu zangu za Keytruda? Zilifutwa moja kwa moja. Zile nilizokuwa nazilinda kwa kukaa kimya sikuipata hata moja, na kiwanja hakikurudi.

Tena tazama namba zenyewe. Utafiti mkubwa wa dripu hii kwa waliofanyiwa upasuaji wa hatua ya tatu, yaani saratani iliyofika kwenye mitoki kama ya mama, ulikuwa na wagonjwa 1,019, matokeo yakatoka 2018. Baada ya mwaka, waliopewa dawa asilimia 75 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Waliopewa dripu isiyo na dawa, asilimia 61. Faida ipo, siibezi, na mimi ningeanza tena kesho. Lakini isome na hiyo ya pili: wengi walivuka mwaka hata bila dawa. Mama anapewa kinga dhidi ya kitu ambacho huenda kisirudi kabisa, halafu mnataka kumtoboa utumbo ili asikose dripu moja? Kuisimamisha kwa muda ndiyo njia ya kuweza kuirudia.

Kwa hiyo shika hili: dalili yoyote mpya ni ya dripu mpaka daktari wa saratani aseme siyo. Sisemi amiba haipo, choo kipimwe, ila na watu wanaojua yuko kwenye dawa gani. Kikohozi, macho ya njano, kiu na kukojoa sana, kulegea na kutapika huku presha ikishuka, vyote simu siku hiyo hiyo. Hata miezi baada ya dripu ya mwisho. Andika kwenye karatasi "pembrolizumab", ndilo jina la kitabibu la Keytruda, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya daktari, iwekwe nyuma ya kava la simu yake. Wasiandike ARV.

Vidonge, haraka haraka: ni dabrafenib na trametinib, na ni vya ambaye saratani yake ina badiliko la jeni liitwalo BRAF V600 tu, ambalo melanoma nyingi za nyayo hazina. Ulizeni kama ile nyama iliyokatwa ilipimwa. Navyo vinaleta homa, msije mkamtibu malaria.

Ya bei nitakujibu siku nyingine, na kama kuna swali jingine limenipita utanisamehe. Jana usiku mama kaamka mara ngapi kwenda choo? Hiyo namba usinipe mimi, mpe daktari wake.