Ding hakuuza mchezo

Njomba, umeandika kwamba Ding Liren, bingwa wa dunia wa sataranji wakati ule, alimuuzia mpinzani wake Gukesh mchezo wa 14, wa mwisho, wa kugombea ubingwa kule Singapore. Nakataa. Siku ile, 12 Desemba 2024, tulikuwa watu watano hapa Shangani, Mtwara, tumebanana kwenye simu moja yenye kioo cha ufa. Mwenye simu mawazo yake yako kwenye mnada wa korosho, kila bei ikiingia anatufungia picha!

Irudie hatua ya 55. Pointi 6.5 kwa 6.5, kila mmoja ana ngome na askofu, Gukesh kazidi askari mmoja tu. Ilikuwa sare ya wazi. Ding kachoka, akapeleka ngome kwenye mraba wa f2 ili ngome zao zilane. Alichosahau ni askofu wake, kajibanza a8, konani kabisa. Ngome zikalana, Gukesh akaweka askofu wake d5, na yule wa konani hana pa kukimbilia. Wakalana nao. Wakabaki wafalme na askari, na hapo askari mmoja wa ziada ndiyo kila kitu. Hatua ya 58 Ding akakubali kashindwa.

Gukesh mwenyewe alisema nusura acheze hatua nyingine, hakuliona kosa papo hapo. Sasa aliyenunua mchezo anakosaje kuliona kosa alilolinunua? Tena Ding huyohuyo alishinda mchezo wa 12 na kusawazisha. Muuzaji gani anajisumbua hivyo?

Sisi kwenye bao tunakosa kete mchana kweupe, hakuna anayetuita wauzaji.