Fundi kakagua jana jioni, rubani akague tena asubuhi ya nini?

Mkuu, umeuliza: R44, helikopta ndogo ya injini ya pistoni, imelala nje uwanja wa Tabora, fundi kaikagua jioni na kusaini, kuna haja gani rubani aizunguke tena asubuhi na abiria wanasubiri? Haja ipo, tena kubwa. Sahihi ile ni ya hali ya jana. Baada yake umepita usiku mzima wa umande, upepo na wadudu.

Anza na mafuta kabla helikopta haijasogezwa hata kidogo, maana ukiisukuma, maji yaliyotulia chini yanachanganyika na huyaoni. Toa sampuli tangi kuu, tangi la ziada na kwenye chujio. Avgas 100LL, petroli ya ndege, ni ya buluu, na maji hukaa chini yake. Wengi wanakosea hapa: chupa ikijaa maji matupu hakuna mstari wowote, inaonekana safi kabisa. Tafuta rangi na harufu. Ukishuku imeingia Jet A-1, mafuta ya injini za jeti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas hukauka bila alama, Jet A-1 huacha doa la mafuta. Kigoma, kwa unyevu wa ziwa, tangi lililolala nusu hukusanya maji zaidi ya lililojaa. Ila usijaze tu bila hesabu ya uzito: Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 32 hewa huwa nyepesi, injini na rota (mapanga yanayozunguka) zinafanya kazi kana kwamba ziko futi 6,900.

Oili ya injini iwe kwoti 7 hadi 9 (kwoti ni karibu lita moja). Oili ya giaboksi isome kwenye vioo vyake.

Kwenye rota usiwe na haraka. Futa mapanga kwa kitambaa, kisha angalia upande wa chini karibu na ncha, pale bati la nje la panga lilipogandishwa kwa gundi. Vumbi la kiangazi hukwangua rangi, halafu hula gundi yenyewe, na bati likianza kuachia panga linaweza kupasuka angani. Ukiona chuma kitupu pale, usiruke, mwite fundi. Kila nati iwe na mstari wake wa rangi usiokatika, kila pini iwepo. Ungaunga wa kutu kuzunguka beringi ni chuma kinachosagana. Ungaunga mweusi kwenye ribiti ni alumini inayocheza. Giaboksi ya mkia ina kibandiko cha joto: vidoa vyake hugeuka vyeusi kwa joto, na vikishakuwa vyeusi havirudi. Chora alama kwenye kiwango cha kawaida. Siku weusi ukivuka alama hiyo, huenda beringi inakufa.

Tabora ni nchi ya nyuki, kwa hiyo mulika tochi ndani ya vifuniko vya injini na njia ya hewa. Nyigu wa udongo naye huziba bomba la pitoti, linalopokea hewa ya kupimia mwendo, kwa muda mfupi, na kipima mwendo kitakudanganya. Kifuniko cha bomba hilo kikae usiku kucha, kisha kitolewe pamoja na kamba za kufungia mapanga. Kuizungusha rota panga likiwa limefungwa kunaweza kuiharibu.

Abiria akikuita katikati ya ukaguzi, ukirudi usianzie ulipodhani umeishia. Rudia sehemu hiyo yote. Chochote kisichoeleweka kiandike kwenye kitabu cha ndege, na isiruke mpaka fundi mwenye leseni asaini upya, hata kama abiria wa hifadhi ya Mahale wameshapanga mizigo.