Barua kwa mwanangu: ndege imemgonga ndege

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Hapa sote wazima, mvua zimeanza, na mwembe wa nyuma umeshika maua.

Umeniambia ulisimama na mwenzako wa kazini hapo Kigali, mwewe akawa anazunguka juu ya paa, nawe kwa kutaka kujaribu Kinyarwanda chako ukamwonyesha: "indege ile!" Akacheka, akakwambia indege ni ile inayotua Kanombe, uwanjani kwao, huyo wa juu ya paa anaitwa inyoni. Kisha akakuuliza swali lililokukera: kwani nyinyi Waswahili mlikosa neno, hata eropleni mkaipa jina la kiumbe? Nawe ukaniletea mimi: "Mama, ni kweli tulikosa neno?"

Hatukukosa, mwanangu. Na neno analokuchekea nalo amelipata kwetu. Wanyarwanda na Warundi walikuwa na inyoni yao tangu zamani, wakaichukua ndege ya Kiswahili kwa ajili ya chombo tu. Wakikuyu hali kadhalika: kiumbe kwao ni nyoni, chombo ni ndege. Mjaluo naye anamwita kiumbe winyo, lakini akienda uwanja wa ndege anapanda ndege. Neno letu lilipanda bara likiwa limebeba abiria na mizigo, mwenye manyoya likamwacha pwani. Ndiyo maana kwao maana ni moja na kwetu ni mbili.

Na wala si sisi peke yetu tuliomtazama ndege tukamwona kwenye kile chombo. Muulize Mganda, atakwambia ennyonyi, kwa kiumbe na kwa chombo pia. Mfaransa je, ambaye mwenzako huenda amemsoma shuleni? Neno lake avion liliundwa na fundi wao Clément Ader, aliyetengeneza chombo cha kutumia mvuke chenye mabawa kama ya popo, kikanyanyuka kidogo kutoka ardhini mwaka 1890, miaka 13 kabla ya wale ndugu wawili wa Marekani, Wright, kuruka vizuri zaidi. Ader alilitoa jina hilo kwenye avis, na avis kwa Kilatini ni ndege. Basi Mfaransa naye anapanda ndege, ila kaificha ndani ya Kilatini watu wasiione. Kiingereza kilipita njia nyingine, kikasema kitu kama "bapa la hewani", na mwanzoni neno hilo lilikuwa la ubapa wa bawa lenyewe kabla ya kuwa la chombo kizima. Hilo nalo tulilipata, eropleni imo kwenye kamusi mpaka leo. Lakini tangu nizaliwe sijamsikia mtu akiaga kwamba kesho anapanda eropleni. Neno tulikuwa nalo mkononi, tukachagua jingine.

Sasa nikuonyeshe jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii, maana hapo ndipo ilipo akili ya Kiswahili.

Wewe unajua kile kindege cha kwenda Pemba kinapita juu ya nyumba asubuhi. Mtoto wa kaka yako, huyu mdogo wa miaka mitatu, akikisikia tu anaacha uji na kukimbilia uani. Juzi akapiga kelele, "Bibi, ndege amekwenda!" Dada yake akamrekebisha hapohapo bila kuinua macho kwenye daftari: "Siyo amekwenda. Imekwenda!" Mdogo akakasirika. "Mbona ana mabawa?"

Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikaacha. Kwa sababu huyo mtoto ana hoja, na dada yake ana lugha. Hakuna aliyemfundisha yule mkubwa kanuni hiyo. Ameinyonya. Ndege akiwa na uhai ni huyu, ni wangu, amekwenda, wakiwa pamoja ni ndege wawili wametua. Ikiwa chombo ni hii, ni yangu, imekwenda, ndege mbili zimetua. Nomino haikuguswa hata herufi moja, kazi yote imebebwa na viambishi. Mwambie mwenzako akusikilize vizuri ukisema: "Ndege imemgonga ndege." Hakuna Mswahili atakayekuuliza nani kamgonga nani. Hiyo i- ya mbele ni chombo, na hiyo -m- ya katikati ni maskini yule mwenye manyoya. Geuza sasa: "Ndege ameigonga ndege." Hapo kiumbe ndiye aliyeingia kwenye injini. Neno moja limetajwa mara mbili katika sentensi ya maneno matatu, na kila mmoja yuko mahali pake. Lugha iliyokosa neno haifanyi hivyo.

Tena nakuongezea. Kabla chombo chochote hakijapita angani, neno hili lilikuwa limeshatoka kwenye mwili wa kiumbe. Wazee wetu walisema ndege wakimaanisha dalili, ishara ya kheri au ya shari. Mama yangu alikuwa akijikwaa kizingitini siku ya safari hurudi ndani, hukaa kitako, husema, "Leo ndege mbaya." Safari ikifana wakasema wamepata ndege njema. Umesikia? Njema, si mwema. Dalili haina roho, basi ikapewa upatanisho wa vitu. Chombo kilipokuja kilikuta njia imeshafyekwa, kikapita humohumo.

Na Waarabu wana hayo hayo katika mzizi mmoja: tayr ni ndege, taira ni eropleni, na tiyara ni kule kuogopa nuksi, ambako sheikh wetu wa madrasa alitukataza kila Alhamisi na mama yangu akaendelea nako kila safari. Kwetu mzizi huo umetua kwenye tiara, kishada cha watoto. Babu yako alikuwa akitutengenezea kwa karatasi ya kufungia na chelewa mbili zilizokingamana, gundi yake ubwabwa wa jana uliopondwa kwa kidole. Kikipanda tulikuwa tunalia "tiara! tiara!" hatujui kwamba Muscat wanayapigia kelele madege ya abiria kwa neno lililozaliwa nalo tumbo moja.

Madege, nimesema. Hapo mwanangu lazima nisimame, kwa sababu mimi ni muuguzi hata nikistaafu, na neno hili limeniliza kazini.

Dege si ndege kubwa tu. Watu wa pwani waliamini kuna mdudu au ndege wa usiku, wengine wanasema nondo mkubwa, akipita juu ya mtoto aliyelala, mtoto anakakamaa, macho yanapanda juu, mikono inatetemeka. Wakauita ugonjwa huo dege, na siku hizi degedege. Hata jina la zamani la ndege, lile la Lamu na la mashairi, nyuni, lina maana hiyo hiyo ndani yake: nyuni ni ndege, na nyuni ni kifafa cha watoto. Kumbe ile inyoni ya mwenzako tulikuwa nayo pia, ila kwetu ilibaki imebeba hofu.

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi. Nimepokea akina mama waliotembea usiku kucha na mtoto mgongoni, na wengine waliochelewa siku mbili kwa sababu nyumbani waliambiwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Wakamfukizia kinyesi cha tembo kwanza. Hakuna nondo, mwanangu. Ni homa kali, na huku kwetu mara nyingi ni malaria, na mtoto yule alitakiwa awe mikononi mwetu saa ileile alipoanza kutetemeka. Mmoja aliletwa alfajiri, kanga ya mama yake imelowa jasho la mtoto, na mama akaniuliza taratibu, "Nesi, ndege ameshaondoka?" Mtoto alikuwa ameshakata roho. Sikuweza kumjibu. Mpaka leo nikisikia "ndege ameondoka", hata akiwa kunguru tu, kitu kinanishika kifuani. Kwa hiyo ukiniuliza neno hili lina uzito gani, mimi siwezi kukujibu kama kamusi.

Hofu hiyo ilikuwa bado mbichi chombo kilipofika. Wakati wa vita vya Wajerumani, manowari yao Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, mikoko imeifunika. Waingereza wakaleta ndege Mafia, zikawa zinapaa kutoka kisiwani kuitafuta na kuwaelekeza wapiga mizinga wao, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ikaishia mle mle mtoni. Fikiria mvuvi wa Mafia na dau lake, anainua kichwa. Kinachopita kina mabawa na kinanguruma, na kikipita, mahali fulani bara panaanza kuungua. Kuna jina gani jingine angelifikia mdomoni upesi kuliko ndege, na maana zake zote mbili?

Miaka 16 baadaye, 1931, Waingereza walikuwa wameshaanza safari za ndege za barua kutoka London mpaka Mwanza, na watu wakaanza kuizoea kama chombo cha kazi. Anayeiendesha naye wakampa jina la baharini. Rubani alikuwa wetu zamani, ndiye anayejua mkondo na miamba na kuiingiza jahazi bandarini. Tukampandisha angani na jina lake lile lile. Hili nalo mwambie.

Usimwambie kwa ubishi lakini. Neno ni lake pia sasa, amelilea kwa namna yake, amelitia hiyo i- mbele. Mweleze tu lilikotoka, halafu mwombe naye akueleze inyoni kwao ina habari gani, maana hakuna lugha iliyomtazama ndege ikaishia kwenye manyoya.

Nilitaka kufunga barua, nikakumbuka. Leo asubuhi kindege cha Pemba kimepita tena. Mdogo alikimbilia uani kama kawaida, akakitazama mpaka kikazama nyuma ya minazi, kisha akageuka akanitazama mimi. Mdomo wazi, anapima. Dada yake hakuwepo.

"Bibi," akasema polepole, "ndege i-me-kwenda."

Halafu kunguru akaruka kutoka kwenye mwembe, naye hakufikiri hata kidogo: "Na huyu amekwenda!"

Nisalimie wote hapo. Usisahau kuvaa sweta jioni, Kigali si Tanga.

Mama yako