Je, Ndege wa Majini Walicheza kwa Kufuata Muziki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetazama filamu fupi ya zamani ya kampuni ya Disney iitwayo Water Birds. Mwishoni ndege wanaruka, wanageuka na kupiga mbizi sawia kabisa na mapigo ya okestra. Je, walifunzwa?

JIBU: Ndugu msomaji, hawakufunzwa. Filamu hiyo ya mwaka 1952, ambayo ina urefu wa takribani nusu saa na ilipata tuzo ya Oscar ya filamu fupi, ilitengenezwa kwa picha za ndege wa porini, kisha maelezo ya msimulizi Winston Hibler na muziki vikaongezwa baadaye. Ulinganifu unaoustaajabia ulizaliwa katika chumba cha uhariri, ambako vipande vya mkanda vilikatwa na kuungwa ili mwendo wa ndege uangukie pale pale wimbo wa mtunzi wa muziki Franz Liszt, uliotumika katika filamu hiyo, unapopanda au kushuka. Kwa ufundi huo, ndege waliopigwa picha kwa nyakati tofauti huweza kuonekana kama kundi moja linalomtii kiongozi asiyeonekana.

Hata hivyo, si kila kinachofanana na ngoma ni cha kutungwa. Kibisi wa magharibi mwa Amerika Kaskazini hucheza kweli: katika msimu wa kutafutana, ndege wawili huinuka wima na kukimbia juu ya maji bega kwa bega, wakipiga hadi hatua 20 kwa sekunde moja, na huweza kwenda umbali wa mita 20 hivi kabla ya kuzama pamoja. Miguu yao ndiyo inayowabeba, wala hawapigi mbawa. Kwangu mimi, hilo linashangaza kuliko okestra yoyote.

Kinachohitaji tahadhari zaidi ni maana inayobandikwa juu ya picha. Mnandi akitandaza mbawa, ni rahisi kuambiwa kwamba anajionyesha, ilhali manyoya yake hulowa anapozamia samaki na hana budi kuyakausha. Katika White Wilderness ya mwaka 1958, filamu nyingine ya mfululizo huohuo wa Disney kuhusu wanyama, mambo yalivuka mpaka: wanyama wadogo waitwao lemingi walionyeshwa wakijitosa majini kana kwamba wanajiua, kumbe tukio zima lilipangwa na watengenezaji.

Ukiitazama tena Water Birds, zima sauti mara ya kwanza, halafu uirudie pamoja na muziki wake.